Uliza Fundi: Baridi ya Bara na Gari la Dizeli Lililozoea Joto la Malindi

SWALI: Assalamu aleikum mafundi. Nina Hiace ya dizeli, injini ya aina ya 5L. Napeleka nazi na madafu Nyahururu, narudi Malindi na viazi na kabichi. Huku nyumbani hita sijapata kuiwaza, lakini kule juu alfajiri ya Julai miguu inakufa ganzi na kioo cha mbele kinajaa mvuke. Nikifungua hita inatoa hewa baridi tupu. Rafiki yangu ananiambia ninunue hita ndogo ya umeme ya wati 150, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Mwingine anasema zipo za wati 600 hadi 1,000 zinazofungwa kwa waya. Mfuko wangu si mrefu. Nifunge ipi, na nifungeje?
Dereva, Mambrui

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu dereva. Usinunue kitu bado. Inua kiti cha mbele uitazame injini, maana gari lililoishi pwani miaka mingi huwa limeshavuliwa vitu viwili: njia ya maji ya moto ya injini yanayopasha hita, na thamostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla hayajapata moto.

Tafuta mipira miwili ya maji inayotoka kwenye injini kuelekea dashibodi. Kwa kawaida kipenyo chake cha ndani ni milimita 16. Je, yote miwili inaingia ndani, au imeunganishwa mmoja na mwenzake kwa kipande cha bomba na klipu mbili? Rejeta ndogo ya hita inapovuja Malindi, ni nadra mtu kuitengeneza. Fundi huipitisha njia kando, zulia likakauka, na dereva akaondoka ameridhika. Hilo si kosa kwa gari lisilovuka Mariakani, ila kwa safari zako ndipo joto lako lilipopotelea.

Thamostati nayo huondolewa kwa imani kwamba bila hiyo injini inapoa zaidi. Imani hiyo ina kasoro. Thamostati nyingi za Toyota zina diski mbili: ya juu inafungua njia ya rejeta, na ya chini wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Ndiyo maana gari lisilo na thamostati linaweza kuchemka kwenye mlima wa mchana na bado likashindwa kupata moto alfajiri. Dizeli tangu hapo ni injini isiyopoteza joto jingi, hasa ikinguruma bila mzigo. Ukiinyima na thamostati, sindano ya joto inalala chini, moshi mweupe hauishi, mafuta yanaliwa zaidi na oili inachafuka kabla ya wakati wake.

Kuikagua ni rahisi. Ufuate mpira mkubwa wa rejeta hadi kwenye kikombe cha chuma kilichoshikwa na bolti upande wa injini. Mwaga maji kiasi, fungua, uone kama kuna kitu ndani. Ukikuta thamostati, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na uweke kipimajoto. Namba iliyopigwa mhuri, iwe 76, 82 au 88, ndiyo nyuzi inazoanza kufunguka, na maji yakikaribia kuchemka lazima uone imefunguka kwa milimita 8 au zaidi. Iliyobaki wazi ikiwa baridi, itupe. Kwa safari zako chukua ya 82. Unapoifunga, kile kitobo chenye kipini kinachochezacheza kikae juu kabisa, saa sita, kwa sababu hewa inatokea hapo. Gasketi iwe mpya. Usipake gundi ya silikoni nyingi. Inayofinywa kwenda ndani hukatika na kwenda kuziba vijia vya rejeta.

Sasa rudi kwenye hita. Chomoa kile kipande cha bomba, uzijaribu nozeli mbili za rejeta ndogo kwa maji ya mpira wa bustani, presha ya chini, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Maji ya kutu yatoke mpaka yawe meupe. Yakidondoka ndani ya gari, rejeta hiyo imetoboka na utahitaji nyingine. Kwenye magari yanayochinjwa kwa spea zipo, ila ijaribu kwa upepo ndani ya beseni la maji kabla ya kulipa. Usiruhusu mtu aisafishe kwa tindikali ya betri. Inang'arisha kweli, halafu inatoboa.

Angalia pia kebo inayofungua koki ya hita. Pwani haiguswi miaka kumi, inashika kutu, na wewe ukivuta kishikio juu ya dashibodi unavuta kebo iliyopinda tu. Mkono uiguse koki yenyewe wakati mwenzako anavuta.

Maji ya kujaza si ya kisima. Visima vingi vya Malindi na Mambrui vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuacha ukoko ndani ya rejeta. Changanya kulanti na maji yaliyosafishwa, yale ya kujazia betri, nusu kwa nusu, au kwa uchache maji ya mvua. Kulanti si ya kuzuia barafu peke yake. Inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Hilo la pili linakuhusu: Nyahururu iko takriban mita 2,300 juu ya bahari, na maji ya wazi kule yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho Malindi hakikusumbui, kule kitakumwagia maji barabarani. Kagua mpira na springi yake.

Baada ya kujaza, egesha gari pua ikiwa juu ya mteremko, fungua hita hadi mwisho, acha kifuniko wazi na injini ingurume mpaka mapovu yaishe na mipira yote miwili ya hita iwe moto sawasawa. Mmoja moto na mwingine vuguvugu maana yake hewa imebaki au njia imeziba nusu.

Ukifanya hayo tu, utapata joto la kilowati 5 au zaidi injini ikishapata moto, bila gharama ya umeme. Hakuna hita ya umeme ya volti 12 itakayokufikisha hapo. Kazi ya umeme ni moja: kukusaidia zile dakika kumi na tano za mwanzo, kabla maji ya injini hayajapata moto.

Na kwa kazi hiyo wati 150 hazitoshi. Feni ya gari ikisukuma mita za ujazo 150 za hewa kwa saa, kwenye mwinuko ule wati 150 zinaipandisha hewa hiyo kwa nyuzi 4 hivi. Nje kukiwa na nyuzi 8, utapuliziwa hewa ya nyuzi 12. Wati 600 zinaipandisha kwa nyuzi 15, na hapo vidole vinaanza kuhisi kitu.

Hita ya kutafuta ni ya vigae vya seramiki, ile inayoitwa PTC. Uzuri wake ni kwamba kigae kikipata moto ukinzani wake unapanda, kwa hiyo kinajipunguzia umeme chenyewe, tofauti na koili ya waya inayoendelea kuwaka mpaka iyeyushe plastiki. Magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yanazo kiwandani, zimekaa nyuma ya rejeta ndogo ya hita, na nyingi zina wati kama 1,000 zilizogawanywa sehemu tatu za wati 330. Ya mtumba ndiyo nafuu. Chagua yenye waya za kawaida, tatu za moto na moja ya athi. Zipo nyingine zenye kibao cha elektroniki kinachongoja amri kutoka kompyuta ya gari. Hizo ukizipa umeme hazitajibu, na muuzaji hatakurudishia pesa.

Kabla ya waya, hesabu. Soma bamba la altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini. Tuseme ni ampea 70. Taa mbili za mbele za wati 55 zinakula ampea 8, taa ndogo na za dashibodi 4, waipa 5, feni ya ndani 10, redio na vikorokoro 2. Betri iliyotoka kuwasha injini na hita plagi (plagi za kupasha dizeli kabla ya kuwasha) inataka 10 nyingine kwa muda. Hizo ni 39. Zimebaki 31, na sehemu moja ya hita, wati 330, inakula karibu 25. Kwa hiyo alfajiri na taa ukiwasha sehemu moja uko salama. Sehemu mbili ni za mchana, au za altaneta ya ampea 90 na kuendelea. Altaneta ikiwa ya 60 au chini, funga sehemu moja tu usahau ya pili. Tena ampea za bambani hazipatikani injini ikinguruma polepole; hapo hesabu nusu yake au pungufu, kwa hiyo kanyaga hadi mizunguko 1,500.

Pima pia kwamba gari lako ni la volti 12 kweli. Dizeli kadhaa za Kijapani ni za 24.

Hita inakaa kwenye njia ya hewa baada ya rejeta ndogo, kamwe si kabla ya feni. Ikatie fremu ya bati la milimita 1, iache milimita 20 kati ya vigae na plastiki yoyote, na uzibe pembeni kwa tepu ya alumini. Sponji usiitie. Ondoa vumbi na manyoya ya zulia yaliyojaa ndani ya boksi, maana harufu ya kuungua siku ya kwanza hutoka huko.

Waya: wengi wanataka kutumia rilei (swichi inayoamriwa kwa umeme mdogo) moja kubwa. Sisi tunapendelea rilei ndogo mbili za ampea 40, kila moja na sehemu yake ya hita, kwa sababu zinapatikana kila duka la spea na moja ikifa hubaki na nyingine. Kutoka kwenye betri toa waya wa shaba wa milimita za mraba 6 kwa kila rilei, na fyuzi ya ampea 40 kwa kila waya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye terminali ya betri. Fyuzi inalinda waya, si hita. Ukiiweka mwisho wa safari, waya ukichubuka njiani unawaka wote. Usitumie fyuzi ya 30, kwani PTC ikiwa baridi huvuta zaidi kwa sekunde chache za mwanzo na utabaki kuibadilisha kila asubuhi. Waya wa betri unaingia terminali namba 30 ya rilei, namba 87 inakwenda hita. Athi ya hita ni waya wa milimita za mraba 16 hadi kwenye bodi, rangi ikwanguliwe mpaka chuma kiwe cheupe, bolti ya M8, kisha ipakwe grisi. Upepo wa chumvi wa Kusi ukiingia kwenye athi iliyofungwa juu ya rangi, miezi mitatu haifiki.

Sasa pa kuwa makini: rilei ziamriwe na feni. Hita isiyopuliziwa hewa inajipunguza, ndiyo, lakini joto lililokwama linatosha kukunja boksi la plastiki. Kwa tochi ya kupimia tafuta waya wa feni ya ndani unaopata umeme feni ikiwashwa tu, na kutoka hapo, kupitia fyuzi ya ampea 3, ulishe terminali namba 86 za rilei zote mbili. Kila namba 85 ipitie swichi yake juu ya dashibodi, kisha zikutane kwenye kikato cha joto cha nyuzi 85 kilichobanwa kwenye fremu ya bati, na ndipo ziende athi. Kwenye baadhi ya magari waya huo una volti chache feni ikiwa namba moja, na rilei haitavuta mpaka ufike namba mbili. Liache hivyohivyo, hita yenyewe inahitaji upepo.

Washa injini kwanza, hita baadaye, la sivyo utaiibia betri wakati hita plagi zinaihitaji. Mwisho weka mita kwenye betri, kila kitu kikiwa kimewashwa: volti 13.5 na kuendelea ni vyema. Ikishuka chini ya 13, zima sehemu moja. Baada ya dakika kumi gusa rilei, fyuzi na terminali moja baada ya nyingine. Palipo moto kuliko mkono kuvumilia pana kiungo kibovu, mara nyingi terminali iliyofinywa kwa koleo la kawaida.

Na mfuko usipotosha? Thamostati, mipira, klipu na kulanti kwanza. Hita ya umeme ingoje mwakani.

SWALI: Nilinunua hita ya tundu la kiberiti. Ilifanya kazi dakika kumi, fyuzi ikakatika. Nikaweka ya ampea 25, safari hii tundu lenyewe likayeyuka. Niliuziwa bovu?
Msomaji, Watamu

JIBU: Hita huenda ni nzima. Wati 150 ni ampea 11 hadi 12, na tundu la kiberiti kwa kawaida lina fyuzi ya 10 au 15. Lilitengenezwa kwa kiberiti kinachovuta umeme sekunde chache kisha kinaruka. Mguso wake ni kijichuma chenye springi, na Watamu kijichuma hicho kina ukungu wa chumvi. Mguso mbaya unageuza umeme kuwa joto papo hapo. Kuongeza fyuzi kumeondoa kilichokuwa kikilinda waya. Badilisha tundu, rudisha fyuzi ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi, na uukague waya wa nyuma yake kama ganda limelainika. Hita hiyo inafaa kukausha duara la kioo mbele ya macho ya dereva, basi.

SWALI: Gari langu dogo la dizeli lina hita nzima. Shida yangu ni kioo kujaa mvuke nikifika Limuru kumtembelea mwanangu shuleni. Je, hita ya umeme itasaidia?
Mama, Malindi mjini

JIBU: Hapana mama, na huhitaji kununua chochote. Washa AC pamoja na hita, kwa wakati mmoja, upepo uelekezwe kiooni. AC inakausha hewa, hita inaipasha moto. Wengi wetu wa pwani tunaijua AC kwa baridi tu, tukifika bara tunaizima, na hapo ndipo mvuke unapoanza. Kishikio cha hewa kiwe upande wa kuvuta kutoka nje. Ukikiacha kwenye kuzungusha ya ndani, ambako ndiko kinakokaa Malindi kwa sababu ya joto, pumzi za abiria hazina pa kutokea.

Kama mvuke una harufu tamutamu na kioo kinabaki na utando wa mafuta ukikifuta, hiyo si pumzi. Ni kulanti inayovuja kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita. Pitisha mkono chini ya zulia upande wa abiria wa mbele.

SWALI: Fuso yangu inatoka Mokowe na simsim, na mara nyingine nalala njiani huko juu. Nifunge hita ya umeme ya wati 600 ya kulalia, au ile ya Kichina inayochoma dizeli?
Mwenye lori, Mokowe

JIBU: Ya umeme kwa kulala, sahau. Kwenye volti 24 wati 600 ni ampea 25. Betri zako mbili za Ah 70 (ampea-saa) zikifungwa mfululizo bado ni Ah 70, zitakuwa taabani kabla saa tatu hazijapita, na asubuhi hutawasha injini.

Inayochoma dizeli ndiyo ya kazi hiyo. Chukua ya kilowati 2; ya 5 kwenye kebini ya Fuso itabaki ikinguruma chini kabisa muda wote, na hita hizi zikifanya kazi chini sana hujaa masizi. Matumizi ni takriban lita 0.1 hadi 0.25 kwa saa. Hakikisha kibandiko kinasema volti 24. Usinunue ya 12 ukaichukulia umeme kwenye betri moja ya mbili: moja itakufa njaa na nyingine itachajiwa kupita kiasi.

Eksozi yake ina hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua mtu usingizini. Bomba lipite sakafuni hadi nje ya upande wa lori, limalizike likitazama nyuma na chini, mbali na bomba la kuvuta hewa ya kuchomea na mbali na madirisha. Viungo vyote viwe nje ya kebini, kila kimoja na klipu. Ununue pia kengele ya kaboni monoksidi ya betri, uitundike karibu na unapolaza kichwa. Dizeli ichukuliwe kwa mrija wake mwenyewe ndani ya tangi, usiofika chini kabisa, ili usivute matope wala usimalize mafuta ya kurudi nyumbani.

Kuizima ni kwa swichi yake, kisha uiache. Inaendelea kupuliza dakika kadhaa ili chumba cha moto kipoe. Ukichomoa betri kabla feni haijasimama yenyewe, joto linabaki ndani, plagi na kipimo cha moto vinaharibika, na safari ijayo itatoa moshi mweupe bila kuwaka.